Mahindi tele, watoto wamedumaa: Nyanda za Juu Kusini na miaka ya kwanza ya mtoto

Kila msimu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Iringa, Njombe na Rukwa. Mikoa hiyo hiyo ndiyo inayoongoza nchini kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni takriban nusu. Wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30.

Wapo wanaosema takwimu hizi zinathibitisha kwamba kilimo hakimsaidii mtoto. Sikubaliani nao. Familia ya mkulima mdogo haina chanzo kingine cha kununua dagaa, kulipa nauli ya kliniki au kupata sabuni, na mwaka mbaya shambani huonekana haraka kwenye sahani ya mtoto. Lakini wanaoamini kwamba mavuno yakiongezeka lishe itajirekebisha yenyewe nao wana swali la kujibu: mbona mavuno yapo na watoto bado ni wafupi?

Tuanze na bakuli. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Uji mwembamba wa mahindi huwa na gramu 13 hadi 15 tu za unga katika kikombe cha mililita 250, yaani kama kilokalori 50. Akinywa vikombe vitatu tumbo limejaa, na amepata nusu ya anachohitaji. Gunia la ziada ghalani halibadilishi hesabu hiyo, maana tatizo ni maji kwenye uji. Kinachoibadilisha ni uji mzito wenye kijiko cha karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa au unga wa dagaa. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Dagaa huongeza madini ya chuma, ambayo ubongo unaokua unayahitaji sana.

Njia nyingine ya kale ni kimea cha ulezi. Ulezi huloweshwa, huoteshwa siku mbili au tatu, hukaushwa na kusagwa, kisha kijiko kimoja hutiwa kwenye uji mzito, nao hulainika bila kuongezwa maji. Wengi hukosea kwa kukitia uji ukiwa unatokota: vimeng'enya, yaani viini vya kimea vinavyolainisha uji, hufa na uji hubaki mzito vilevile. Upoe kwanza kiasi, ukorogwe hadi ulainike, halafu urudishwe motoni uchemke tena kidogo, kwa sababu unga wa kimea ni mbichi na unaweza kuwa na vijidudu. Mtama ulioota ni wa kuangaliwa zaidi, kwani machipukizi yake yana sumu ya sianidi na lazima yaondolewe.

Kuna jambo ambalo takwimu za mavuno haziligusi kabisa: sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi. Kwenye nyanda za baridi tishio kubwa zaidi ni fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, na utafiti uliofanyika Iringa, Kilimanjaro na Tabora ulikuta watoto walioathiriwa zaidi na sumu hiyo walikuwa wafupi zaidi. Hapo soko lenyewe linaweza kumuumiza mtoto, pale punje nzuri zinapochambuliwa kwa ajili ya mnunuzi na zilizovunjika na zenye ukungu zikabaki kwa unga wa nyumbani. Kabla ya kuhifadhi, mkulima anaweza kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, kisha aiache itulie dakika kama 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na bado yanahitaji jua, juu ya turubai, hadi asilimia 13. Ukiyafunga mapema kwenye mifuko isiyopitisha hewa, unyevu unafungiwa humo humo.

Hata hivyo kinachonisumbua zaidi ni saa za mama. Mvua huanza Novemba, palizi hufuata, na hadi Februari jembe la mkono liko mikononi mwa wanawake. Ni miezi hiyo hiyo ambayo akiba ya chakula inapungua na kuhara kwa watoto kunaongezeka. Mama huondoka alfajiri, mtoto wa miezi 10 anabaki na dada yake wa miaka saba na uji wa asubuhi uliopoa. Hanyonyi mchana, na hana mtu mzima wa kumlisha taratibu wala kumsemesha na kucheza naye. Mradi unaoleta mbegu bora na mbolea ya ruzuku bila kugusa hesabu hii unaweza kuongeza palizi, na palizi hiyo inalipwa na mtoto. Upande wa pili nao una hoja nzito: ukimwondoa mwanamke shambani unamwondolea fedha yake mwenyewe, ya maharage na mayai, ambayo ndiyo huishia jikoni.

Kuku ni mfano mzuri wa jinsi mradi mmoja unavyoweza kumsaidia mtoto na kumuumiza. Utafiti wa Ethiopia ulionyesha kwamba kufuga kuku kulihusiana na watoto warefu zaidi, lakini pale kuku walipolala ndani ya nyumba ya watu, faida hiyo ilipungua. Banda la nje ni sehemu ya mradi wa lishe.

Iringa yenyewe imewahi kuonyesha njia. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168 ulipima watoto kila robo mwaka, matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, na vituo vya kulishia watoto vikaanzishwa. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka mitano. Huko Zomba, Malawi, mafunzo ya kilimo na lishe yalipitishwa kwenye vituo vya jamii vya kulelea watoto. Watoto wa vituo, wa miaka mitatu na kuendelea, walikula vizuri zaidi bila kuongezeka kimo, ila udumavu ulipungua kwa wadogo zao walioko nyumbani. Hilo linatuambia umri ni muhimu: kusubiri mtoto afikishe miaka mitatu ni kuchelewa.

Udhaifu wa vituo unajulikana pia. Mlezi asiyelipwa huacha kazi, na michango ya unga hukauka Januari, wakati kituo kinahitajika kuliko miezi yote. Halmashauri zimetakiwa kutenga kwa ajili ya lishe angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Kiasi hicho hakitoshi kumlipa mlezi wa msimu wa palizi, lakini fedha za kilimo zinaweza, kama tutakubali kwamba malezi ni gharama ya uzalishaji kama mbolea.

Na mradi wa kilimo upimwe kwa kuuliza mtoto wa miezi 6 hadi 23 alikula nini saa 24 zilizopita, kama alifikia makundi matano kati ya manane ya chakula, maziwa ya mama yakihesabiwa. Swali hilo liulizwe Januari na Februari. Julai, baada ya mavuno, karibu kila kaya itaonekana iko salama.