Heri Kunyimwa kwa Barua

Jumanne saa nne asubuhi simu ya ofisi iliita. Mama mmoja wa serikali kuu ya Kanada, yuko mjini Winnipeg, akajitaja jina lake lote, akaniambia kiambatisho cha saba cha maombi yetu kina sahihi ya chifu lakini hakina tarehe. Tukirekebisha na kumtumia kabla ya Ijumaa, maombi yataendelea. Akanitakia siku njema, akakata. Nikabaki nimeishika simu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Nifafanue. Mimi ni mtunza hesabu kwenye ofisi ya baraza la chifu, katika jumuiya moja ya Wakrii, wenyeji asili wa Kanada, kaskazini mwa jimbo la Manitoba. Wanataka kujenga kituo cha mafuta chenye duka, kwa sababu sasa hivi kujaza tangi ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na ukifika nyumbani umeshachoma sehemu ya ulichokifuata. Tunaomba ruzuku ya kulipia upembuzi yakinifu na mpango wa biashara. Saruji bado hata hatujaitaja.

Sasa niambieni, ni lini mara ya mwisho ofisi ya umma ilikupigia wewe, kwa vocha yake, kukuonyesha ulipokosea ili usikose?

Dada yangu yuko nyumbani Tanzania, Muheza. Ana kikundi, akina mama kumi na wawili, walitaka mashine ya kukamua machungwa. Mwaka 2022 wakaomba ule mkopo usio na riba, unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, picha za pasipoti, akaunti ya benki, mnaijua safari yenyewe. Njoo wiki ijayo. Bosi yuko kikao. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, na hapo sibishi, vikundi hewa vilikuwa vimekula mpaka vikavimbiwa. Lakini akina dada walijua kwa redio. Mwaka 2024 mikopo ikarudi, wakaenda kuuliza, wakaambiwa faili halionekani, waanze upya. Na ile barua ya mtendaji imeshapitwa na wakati, kwa hiyo waanzie kwa mtendaji.

Najua mtakavyosema. Ameanza majivuno, amesahau alikotoka. Jamani, mimi ninayevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, kuanzia Novemba, nijivunie nini? Mwingine atasema wenzetu wana pesa. Kwani kumpigia mwenyekiti wa kikundi na kumwambia "mama, fomu yako ina kasoro hapa" ni shilingi ngapi? Bando la wiki moja la afisa linatosha kuwapigia vikundi vya kata nzima na chenji ikabaki ya kuangalia mpira.

Sijasema Kanada ni pepo. Siku ile ile nilimsimulia mzee mmoja wa baraza habari ya simu, nikidhani atafurahi pamoja nami. Akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema, "Hawa wa serikali wamekuwa wakituandikia vizuri tangu kabla babu yangu hajazaliwa."

Ana haki. Kwa nini jumuiya yenye ardhi, ziwa na msitu inaombaomba pesa ya kituo kimoja cha mafuta? Kwa sababu ya Sheria ya Wahindi ya 1876, ndivyo inavyoitwa mpaka leo, na Wahindi hapa ni wenyeji asili, si watu wa India. Kifungu cha 89 kinasema mali ya Mhindi iliyomo ndani ya rizavu, yaani ardhi waliyotengewa wenyeji hao, haiwekwi rehani wala haikamatwi na mtu wa nje. Inasikika kama ulinzi, na kwa kweli imewaokolea ardhi. Ila ukienda benki na nyumba yako nzuri ya rizavu, kama dhamana ni sawa na kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo unarudi serikalini. Na serikali ikikupa, unaandika ripoti. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alihesabu ripoti ambazo jumuiya moja ya rizavu ilitakiwa kupeleka kwa idara nne tu za serikali kuu, akakuta si chini ya 168 kwa mwaka. Na nyingi ya jumuiya hizo zina watu wachache kuliko shule ya msingi ya kwetu. Na kila mwaka bado wanalipwa dola 5 kila mtu za mkataba wa 1875 kati ya wenyeji na serikali. Dola 5 zile zile. Siku ya malipo askari polisi anakuja na koti lake jekundu, watu wanapiga naye picha.

Kwa hiyo ukiniuliza nalinganisha nini basi, nalinganisha kujibiwa tu. Mwaka jana tulinyimwa. Ikaja barua ya kurasa mbili: soko halijathibitishwa, makadirio ya mapato hayana msingi, hakuna aliyetajwa kuwa meneja. Iliniuma, maana makadirio nilikuwa nimeyapika mimi. Lakini ndiyo barua niliyoitumia kuandika maombi ya safari hii. Kunyimwa naweza kukuvumilia. Lile faili lisiloonekana ndilo linalonikosesha usingizi, nami niko mbali hivi.

Na msidhani sioni ya kwetu. Katika ile miaka ya kungoja, kikundi cha dada kilicheza kibati, yaani upatu, Jumapili hadi Jumapili, wakanunua mashine ya kukamua kwa mkono na ndoo tatu za kufunika. Wanauza juisi stendi. Hakuna mshauri aliyelipwa, hakuna upembuzi, hakuna kiambatisho cha saba. Yule mzee nilipomsimulia hilo ndipo alipoacha kucheka. Akauliza mara mbili: kwa ruhusa ya nani? Nikamwambia kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kikundi, ambaye pia ndiye mwenye ndoo.

Juzi dada amenitumia sauti. Kuna afisa mpya, kijana, amewaambia waje Alhamisi. Nikampigia, nikamshauri aende na daftari, na kama kuna kitu kimepungua amwombe yule kijana akiandike pale pale, atie tarehe na sahihi.

Akanyamaza kidogo, nikasikia pikipiki zinapita nyuma yake.

"Aandike?" akasema. "Hivi wewe, uliondoka hapa lini?"