Uvimbe Ulionywea Wenyewe, Sifa Zikaenda kwa Unga

Jumapili nilikwenda Pasua, Moshi, kumwona mdogo wangu aliyejifungua, nikiwa na ndizi za mtori. Mtoto, mwenye siku tisa, alikuwa na uvimbe wa zambarau pajani, mkubwa kama nusu ya limau, wenye vishipa vyembamba juu na duara jeupe pembezoni. Jirani, mama mtu mzima tunayempa shikamoo zote, alikuwa anakunjua kipande cha gazeti chenye unga mweusi. "Mpake huu, mwanangu. Mjukuu wangu alikuwa nao, ukaisha hata hajafikisha mwaka na nusu."

Simwiti mwongo, na hapo ndipo penye tatizo. Kati ya vivimbe vya mishipa ya damu ambavyo mtoto huzaliwa navyo vikiwa vimekomaa, kuna aina inayonywea yenyewe, mara nyingi ikiwa imekwisha kufikia miezi 14 hivi, ikiacha ngozi iliyolegea au kubonyea. Kwa hiyo chochote utakachopaka katika miezi hiyo, hata maji ya kuoshea vyombo, kitapata sifa ya kuponya. Aina nyingine hainywei kabisa, bali hukua pamoja na mtoto, na huyo hatajwi vibarazani. Husemwa tu kwamba mama yake hakufuata masharti. Iko pia aina adimu zaidi, inayoweza kufanana na hizo machoni, ambayo hunasa chembe za kugandisha damu hadi mtoto akavuja damu hovyo, na kwa mtoto huyo kila siku ya kusubiri unga ufanye kazi ni siku ya hatari.

Eti uvimbe umekuja kwa sababu mdogo wangu alitamani zambarau akiwa mjamzito akanyimwa! Alizila hadi ulimi ukabadilika rangi. Na shemeji anayetaka tuombe propranolo, ile dawa ambayo madaktari wa Ufaransa walitangaza mwaka 2008 kuwa inanyweesha vivimbe vya watoto, ajue kwamba inasaidia vivimbe vinavyochomoza na kukua wiki chache baada ya kuzaliwa, si hiki alichozaliwa nacho.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba jirani alimfunua mtoto akamtazama vizuri, wakati muuguzi wa zahanati alisema "itaisha tu" bila kuondoa khanga.

Jumanne tunampeleka kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, tukaombe ultrasaundi na kipimo cha damu. Unga bado uko juu ya kabati. Mdogo wangu anaona aibu kuutupa, kwa kuwa jirani hupita kila asubuhi kuuliza kama uvimbe umeanza kushuka.