Mkia unapotangulia

Kuna ubishi wa siku nyingi kati ya madereva, na haujapata mwamuzi. Kijana aliyepata leseni juzi apewe gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, au asubiri akomae kwanza? Wapo wanaoapa kwamba gari hilo ndilo shule. Wengine wanajibu kwamba ni shule ambayo ada yake huweza kulipwa kwa uhai. Mimi nimewahi kukaa kambi zote mbili, na sikuhama kwa sababu ya kushindwa hoja. Nilihama baada ya kuona vijana wakiendesha.

Tuanzie chini ya bodi. Tairi lina kiasi chake cha kushika barabara, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kukata kona, kuvuta au kusukuma, na kufunga breki. Magari mengi madogo ya leo yanafuata mpango ulioenezwa na Mini mwaka 1959: injini imelazwa kwa upana na matairi ya mbele ndiyo yanayovuta. Matairi hayo hayo ndiyo yanayokata kona, na mzigo mkubwa wa breki ni wao pia. Mshika mbili moja humponyoka. Ukiingia kona na mwendo uliozidi, pua inagoma, gari linanyoosha kwenda mbele kana kwamba hujakata usukani. Lakini dereva aliyeshtuka hutoa mguu kwenye mafuta, na kwa kawaida hiyo ndiyo dawa. Uzito unahamia mbele, matairi yanauma lami, pua inarudi njiani.

Kwenye gari la kusukumwa nyuma, kazi zimegawanywa. Mbele kunaongoza, nyuma kunasukuma, na usukani hauchezi mkononi ukiongeza mafuta. Ni gari tamu kuendesha, sitaficha. Shida ni kwamba mshtuko ule ule uliomwokoa mwenzake unamgeukia. Chukua kona yenye maji. Kijana anahisi amezidisha, anaachia mafuta kwa ghafla. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na papo hapo injini inayashikilia yapunguze kasi. Mkia unatoka, yaani sehemu ya nyuma inaserereka ubavuni. Akiongeza na breki, ameumaliza mchezo. (Hata gari la kuvutwa mbele linaweza kutoa mkia hivyo likisukumwa vya kutosha, ila halimtegi mgeni kwa urahisi hivyo.)

Hapa ndipo watetezi wanaposimama, na wana hoja ya kweli. Wanasema mguu wa kulia hauwezi kupata adabu bila kuadhibiwa. Kijana aliyejifunzia gari la namna hii huachia mafuta taratibu, humaliza breki kabla ya kona na huongeza mwendo akiwa ameanza kunyoosha usukani. Tena hatayakwepa maisha yote. Pikapu tupu, lisilo na mzigo nyuma, ni gari la kusukumwa nyuma lenye mkia mwepesi, na mara nyingi kijana huyo huyo ndiye anayeajiriwa kuliendesha. Magari ya umeme nayo yamerudisha mota nyuma: Volkswagen ID.3 ni mfano, kutoka kampuni ambayo kwa miongo mingi iliuza magari madogo ya kuvutwa mbele.

Wanachokiruka ni mikono. Kuudaka mkia si kugeuza usukani kuelekea upande unakoserereka tu. Hilo kila mtu amelisikia. Ugumu uko kwenye kuurudisha. Mkia ukishika lami tena wakati matairi ya mbele bado yamekatwa, gari linarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Wengi huponea mserereko wa kwanza na kumalizwa na wa pili. Mwenye uzoefu huacha usukani ukimbie viganjani, kwa sababu matairi ya mbele yenyewe hutafuta kule gari linakokwenda, ilhali mgeni ameung'ang'ania. Na kwa kilomita 80 kwa saa, gari linameza kama mita 22 kila sekunde. Hiyo sekunde ndiyo nafasi yake yote ya kufikiri.

Basi tumpeleke uwanjani, afundishwe kudaka mkia? Nami niliamini hivyo. Ila Norway, mafunzo ya lazima ya barabara zenye utelezi yalipokuja kutathminiwa, ajali za vijana wa kiume zilionekana kuongezeka badala ya kupungua. Nchini Sweden, mwaka 1996, mtafiti Nils Petter Gregersen alilinganisha makundi mawili ya madereva vijana: moja lilifundishwa mbinu za kulidhibiti gari kwenye utelezi, la pili lilionyeshwa kwamba uwezo wao una mpaka. Uwezo wenyewe haukutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba wale wa mbinu walijiona wakali kuliko walivyokuwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na matairi ya nyuma. Ugomvi wangu ni na somo linaloanzia pale gari limeshaserereka. Kijana afundishwe kuusikia mwanzo: kiti kinavyosogea kidogo ubavuni, usukani unavyolegea. Gari liwe na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia mserereko, ambao magari yote mapya Ulaya yalilazimika kuwa nao kufikia mwisho wa 2014, na matairi bora zaidi yafungwe nyuma. Gari kuukuu lisilo na mfumo huo, lenye nguvu nyingi na matairi yaliyokwisha kashata, nisingempa hata kama anaendesha vizuri kuliko mimi.

Juzi nilikaa na kijana wa miaka 19 kwenye gari la kusukumwa nyuma lenye mfumo huo, mvua imetoka kunyesha. Kwenye mzunguko mmoja taa ya kigari chenye michirizi ya mawimbi ilimweka mara tatu kwenye dashibodi. Nikamuuliza gari limefanya nini. Akasema halijafanya kitu, limekata kona vizuri tu. Nikamwambia tuzunguke tena, polepole, na safari hii atumie makalio yake kabla ya macho. Raundi ya nne akasema, "Hapo. Limesogea." Taa haikuwa imewaka.