Acheni taima ichunge kaunta, isikisie

Siku mbili nzima nilikuwa natafuta mchawi. Feni ya laptopu inavuma, mchezo unakwenda vizuri kwenye skrini, na programu ya kupima GPU, ile chipu ya michoro, inasema inafanya kazi asilimia 0. Dakika chache baadaye inapanda taratibu hadi 100, kisha inashuka tena, kama maji kujaa na maji kupwa. Nikabadilisha draiva. Nikabadilisha kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Mwisho nikafungua msimbo wa programu yenyewe, na nikakasirika kwelikweli: taima, saa ya ndani ya programu, inaamka kila milisekunde 50, inachungulia rejista, kijisanduku cha hali ndani ya chipu, kuona kama GPU ina kazi au haina, inarudi kulala.

Pigeni hesabu. Skrini ya hezi 60 inataka fremu kila milisekunde 16.67. Fremu tatu ni milisekunde 50. Yaani taima inachungulia palepale kwenye fremu kila mara. Ikiangukia GPU imeshamaliza na inasubiri skrini, jibu ni sifuri, ikiangukia katikati ya kazi, jibu ni mia. Saa mbili hizo, ya taima na ya skrini, zinapishana kidogokidogo, ndiyo maana grafu ilikuwa ikijaa na kupwa. Anayepita sokoni kila siku alfajiri atasema soko halina watu, na ataapa.

Kaunta inayojumlisha muda wa kazi ipo! Isome, ngoja, isome tena, toa, kisha gawa kwa muda uliopita kweli, si ule uliopanga, maana taima huchelewa. Basi.

Nakubali, shingo upande, kwamba taima haiepukiki. Kaunta ya biti 32 inayohesabu kwa gigahezi 1, yaani mara bilioni moja kwa sekunde, inarudi sifuri kila baada ya sekunde 4.3 hivi, kwa hiyo lazima isomwe kabla haijazunguka. Hata i915, draiva ya Intel kwenye Linux, ina taima ya kuchungulia mara 200 kwa sekunde. Lakini GPU ikikosa kazi taima hiyo inasimamishwa, na injini (sehemu ya GPU inayofanya kazi) yenye jumla ya muda wake inasomwa kwa jumla hiyo. Kuiamsha GPU iliyolala ili kuiuliza kama imelala ni kula betri ya mtu bure.

Nimeondoa ule mstari wa rejista kwenye nakala yangu, nikaweka kusoma jumla. Mchezo uleule, skrini ileile: asilimia 40 na kitu, na grafu imetulia. Marekebisho nimeshawatumia wenye programu.