Mgonjwa Adaiwe na Nani: Hospitali au Bima?

Madaktari wa idara za dharura nchini Marekani wanataka kampuni ya bima ilipe bili yote hospitalini, kisha yenyewe imdai mgonjwa sehemu yake ya kuchangia. Kuna wanaoona huku ni kuikwepa hasara. Nadhani lawama hiyo haiwatendei haki madaktari hao.

Mwaka 2024, mfanyakazi mwenye bima ya mwajiri inayomtaka alipie kwanza matibabu yake mwenyewe alitakiwa kubeba wastani wa dola 1,787 kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia gharama nyingi. Kiasi hicho hakupanga daktari. Kimo kwenye mkataba wa bima. Anayekimbizwa hospitalini usiku na maumivu ya kifua anatibiwa kwanza, maana sheria ya shirikisho ya 1986 hairuhusu huduma ya dharura isubiri malipo. Wiki kadhaa baadaye bima inaikata bili vipande viwili na kulipa chake. Kilichobaki anaachiwa karani wa hospitali: apige simu, atume barua, na akishindwa, deni linakwenda kwa wakala wa kukusanya madeni. Wala hospitali haiwezi kujiamulia kuwasamehe wagonjwa wote, kwani mazoea hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hufidia hospitali asilimia 65 ya madeni hayo pale inapothibitisha kuwa ilidai ikashindwa. Yaani serikali imekubali kwamba aliyeweka sharti la kuchangia ana sehemu yake katika hasara. Mbona bima binafsi, iliyoweka sharti lile lile na kuvuna ada kila mwezi, isibebe hata senti?

Kampuni zinajibu kwamba hasara hiyo itarudi kwa wanachama wote kama ada kubwa zaidi. Ni kweli, sehemu yake itarudi. Lakini hata sasa hailiwi na upepo: hospitali huifidia kwenye bei zake. Hofu iliyo nzito zaidi ni kwamba bima inayomdai mgonjwa inaweza kumfutia bima yake asipolipa, kwa hiyo sheria yoyote ya jimbo lazima ipige marufuku jambo hilo waziwazi.

Hata sheria ya jimbo ikipita, haitamfikia kila mtu. Mwaka 2024, takriban asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima ya kazini walikuwa kwenye mipango ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayegharamia matibabu, na sheria ya shirikisho ya 1974 inayazuia majimbo kuigusa. Kwa hao, karani ataendelea kupiga simu hadi Bunge la shirikisho lenyewe liamue.