Kabla Hamjamsikiliza Shemeji

Wadau, nimeona ile sauti aliyorekodi shemeji kuhusu mshumaa niliompa mama mkwe zawadi imeshafika mpaka kwa watu ambao hata salamu hatupeani, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe. Kwanza, nyumba haikuungua. Pili, mama mkwe hakuzimia, alikaa chini kwa hiari yake. Tatu, nyusi iliyoondoka ni moja. Moja! Yeye anawatangazia kuwa ni zote mbili.

Ukweni kwangu kila sikukuu watu hupeana zawadi walizotengeneza kwa mikono yao. Cha dukani marufuku. Karatasi zinakunjwa, unachomoa, jina ulilolikuta ndilo mzigo wako. Mimi mkwe mgeni, nikachomoa la mama mkwe. Mke wangu akanishauri nitengeneze kadi. Kadi? Kwa mama aliyenizalia mke? Nikamwambia atulie, nafanya mshumaa.

Video ya maelekezo niliitazama, tena kwa kuirusharusha. Walisema nta iyeyushiwe kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, isiguse moto moja kwa moja. Hilo nilitii. Walisema unene wa utambi uendane na upana wa glasi. Hilo niliona ni la watu wenye muda. Utambi wangu ulikuwa mnene kama kamba ya kiatu, kwa sababu ulikuwa kamba ya kiatu. (Ya pamba, na ilikuwa mpya, msianze.)

Ilipopoa, katikati pakadidimia. Kumbe nta husinyaa ikiganda, ndiyo maana wenye akili hubakiza kidogo ya kujazia. Mimi sikubakiza hata tone. Nikaziba shimo kwa maua makavu, nikaongeza mengine pembeni ili yasionekane ya kuzibia, halafu nikamalizia na matone machache ya mafuta ya lavenda. "Matone machache" hapo nimejistahi. Lakini jamani, kilipendeza! Mke wangu alikiangalia, akaniangalia mimi, akaenda kulala.

Siku yenyewe ikafika. Shemeji akatoa kikapu, eti kakisuka usiku na mchana, watu wakapiga makofi mpaka nikaona wivu. Zamu yangu ikaja. Nikasema, "Naomba tuzime taa." Hakuna aliyeniomba nizime taa. Ni mimi na kihere­here changu.

Nikawasha. Kimwali cha njano kikasimama wima, sebule nzima ikasema "Aaah!" Mama mkwe akasogea anuse, kiganja kifuani, uso umejaa furaha. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma, nasubiri baraka zangu.

Ndipo nikaona jani moja dogo la ua linajikunja. Polepole. Ncha ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikamgusa jirani yake. Jirani naye akapokea. Hakuna aliyesema kitu, labda walidhani ndiyo mtindo. Likashika ua la tatu, na hapo mafuta ya lavenda yakakumbuka kuwa ni mafuta. Kila ua likageuka utambi. Ikatoka "Aaah" nyingine, ila hii ilikuwa imepanda juu kidogo na ilikuwa inarudi nyuma kuelekea mlangoni.

Sasa, mtu mwenye adabu zake hamwachi mama mkwe mbele ya moto. Nikajitosa, nikainama, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo duniani, nikapuliza.

Wapendwa, moto wa nta haupulizwi hivyo. Ule ulilala upande wa pili kama sekunde moja hivi, ukainuka, ukanifuata. Nikasikia "chrrr" ndogo sana hapa juu ya jicho la kushoto. Harufu ya lavenda na harufu ya nywele zikapanda pamoja. Halafu glasi ikasema "tii!" ikachora ufa kutoka juu mpaka chini, taratibu, sote tukiutazama.

Katika ukimya ule, mama mkwe, bila kupandisha sauti, akasema, "Mwanangu, hii ni zawadi au ni onyo?"

Shemeji huyo anakuja mbio na jagi la maji. (Sehemu hii kwenye rekodi yake haipo, mmeiona wapi?) Mtoto wa dada yake mke wangu, bado yuko shule ya msingi, akapiga ukelele: "Anko, maji hapana!" Baba mkwe hakusema neno. Akachukua mfuniko wa sufuria, akafunika, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Moto ukafa palepale.

Taa zikawashwa, na mimi nimejibandika kitambaa cha maji usoni, mtoto anatufundisha. Kwamba maji huzama chini ya nta ya moto, yanageuka mvuke ghafla, mvuke unairusha nta inayowaka juu mpaka darini. Kwamba kinachowaka kwenye mshumaa si nta ngumu wala ya maji, ni mvuke wake. Kwamba mwanasayansi Michael Faraday aliwahi kutoa mihadhara ya Krismasi London kuhusu mshumaa tu, mwaka 1848, na akarudia mwishoni mwa 1860. "Mshumaa mmoja, mihadhara mingi," akasema huku ananiangalia mimi. Wakampigia makofi kuliko kikapu.

Mengine ni madogo. Meza ina alama, imefunikwa kitambaa. Nyusi nachorewa na mke wangu kila asubuhi, na siku akiwa na hasira naye ananichora nimeshangaa. Mama mkwe kaiweka ile glasi yenye ufa kabatini na kila mgeni anaonyeshwa. Mwakani nimepangiwa karatasi na gundi, mkasi nitaombea ruhusa.

Ila kwa kuwa shemeji ameamua kuwa mwandishi wa habari, na yeye ni mfuatiliaji wangu humu, naomba mmuulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Kile kikapu alichosuka usiku na mchana, nilikigeuza wakati watu wanafungua madirisha moshi utoke. Lebo ya kiwandani pale chini aliisuka saa ngapi?