Mimi Kwenye Dunia ya Kichawi? Mnitafute Kwenye Foleni

Jamani, kuna jambo linanikera. Kila mtu akijiwazia kwenye dunia ya kichawi, anajipa cheo. Huyu ni mteule aliyetabiriwa kabla hajazaliwa. Yule ni binti mfalme aliyefichwa kwa wakulima. Mwingine ana joka lake kabisa, limefugwa, lina jina, linamtambua kwa harufu na halimli. Sijawahi kukutana na mtu aliyejiwazia kuwa yule jamaa anayezoa mavi ya joka. Na joka, kwa mwili ule, lazima linye. Nani anazoa? Hadithi zote zikifika hapo zinapiga kimya. Mimi jibu ninalo, maana najijua: ni mimi. Tena zamu ya usiku, na mshahara umechelewa.

Watu wanasahau kwamba ukihamia dunia nyingine unahama na tabia zako. Mimi wa huku na mimi wa kule ni yuleyule, kilichoongezeka ni joho na kofia ndefu. Na mimi wa huku ni mtu anayetafuta simu chumba kizima huku anamulika kwa tochi ya simu hiyohiyo. Nasema "nipo njiani" huku nanyoosha shati. Mtu akiniomba kitu siwezi kukataa. Ngazi ya kubadilishia balbu naipanda nimekumbatia ukuta. Maelekezo nasikiliza nusu. Ile nusu ya pili inanikuta nimeshaanza kazi.

Sasa mpe mtu huyo ufagio.

Kuna kitabu cha Kifaransa kilichoandikwa kwa mkono, cha mwaka 1451, kina mchoro wa wanawake wawili wanapaa, mmoja juu ya ufagio, mwingine juu ya gongo tu. Hesabu wenyewe. Karne tano na ushee, na hakuna mchawi hata mmoja aliyepata wazo la kuweka kiti! Mwanamfalme wanamgeuza chura kwa maneno mawili, lakini sponji ya kukalia imewashinda. Mtu unakaa saa nzima juu ya mpini, ukishuka unatembea umetanua miguu, halafu watoto wanakuuliza kwa nini wachawi wa hadithini wana hasira.

Na baridi je? Ukipanda juu, joto linashuka nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000. Ukifika mita 3,000, pale pazuri pa kupiga picha na mawingu, umeshapoteza karibu nyuzi 20, na umevaa joho limeingia upepo kutoka chini. Mimi feni ikiwekwa namba tatu kesho yake napiga chafya. Huko juu taya zingeganda, na taya zikiganda maneno ya kushukia hayatamkiki. Ningepita juu ya nyumba yangu, juu ya mji, juu ya bahari, watu chini wanapunga mkono wanasema, "Huyo ana haraka."

Hapo ni kama nimefanikiwa kuondoka. Ufagio unalala ndani, na ndani kuna mama watoto.

"Baba, unatoka?"

"Natoka."

"Na huo ufagio?"

"Ndio usafiri."

"Basi kabla hujapaa, sebuleni hapo."

Nikimaliza sebule, uani. Nikimaliza uani, eti kwa kuwa nakwenda juu, nipitie na utando wa buibui. Wenzangu wako angani wanaokoa falme, mimi nimeelea kwenye kona ya dari, nimejifunga kitambaa puani. Nikitoka nje, jirani anasubiri na mizigo yake. "Ndugu yangu, si unapita kulekule? Mimi nitakaa hapo nyuma kwenye njiti." Nimeshasema siwezi kukataa.

Mtasema niachane na ufagio, nichukue vile viatu vya hadithi za Ulaya, viatu vya ligi saba. Navijua. Ligi hapo ni kipimo cha zamani cha umbali, si ya mpira. Hatua moja inakata kilometa 30 na zaidi. Sasa kazini kwangu ni kilometa sita. Natoka mlangoni, naweka mguu mmoja, nimeshapita kazini, nimetua kwenye shamba la mtu. Nageuka, naweka mguu, niko mlangoni kwangu. Naenda, narudi. Naenda, narudi. Bosi yuko dirishani ananiona nikipita hewani na mkoba, mara kushoto, mara kulia, na kwenye daftari la mahudhurio ananiandika sijafika. Ukimuuliza aliyeandika hadithi, atakwambia shujaa wake alikuwa anakwenda mbali. Mashujaa wote wanakwenda mbali! Hakuna hadithi ya mtu anayekwenda kazini.

Kuna wanaosema wao wangetaka kutoonekana. Plato, yule Mgiriki, alisimulia habari za mchungaji wa nchi ya kale ya Lydia, Gyges, aliyeokota pete. Akiigeuza kwa ndani, haonekani. Yule bwana hakupoteza muda: alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akakalia kiti. Mimi pete hiyo ningeitumia kumkwepa anayenidai. Basi, sina tamaa. Lakini hata hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe si ya uchawi, ni ya fizikia. Jicho linaona kwa sababu mwanga unaingia na kunaswa huko nyuma kwenye retina. Ukiwa huonekani, maana yake mwanga unakupita moja kwa moja, jicho nalo limo, hakuna kinachonaswa. Umekuwa kipofu! Kwa hiyo nijione nilivyo: sionekani, sioni, napapasa ukuta wa jirani, nashika mlango, nashika meza, nashika bega la mtu.

"Nani huyo?"

Sauti naijua. Ndiye anayenidai.

"Hakuna mtu," namjibu.

Utajiri nao, msinidanganye. Watu wanadhani ukiwa na uchawi unageuza madini ya risasi kuwa dhahabu na kazi imekwisha. Isaac Newton, kichwa kile, alijaza makaratasi kuhusu alkemia, yaani huohuo ufundi wa kutafuta dhahabu, maneno yanakadiriwa kufika milioni moja, na dhahabu hakuiona. Mwishowe mwaka 1696 akapewa kazi kwenye kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Yaani njia aliyoipata ya kushika dhahabu ni kuajiriwa. Sasa mimi ambaye mapishi ya chai tu nayakosea?

Mimi ningekuwa kundi la Hennig Brand. Huyu alikuwa Mjerumani wa Hamburg, na mwaka 1669 aliamua kwamba dhahabu imejificha kwenye mkojo. Kwa nini? Wote rangi ya njano. Basi, huo ndio utafiti. Akakusanya mkojo, mapipa kwa mapipa, akauchemsha, akauchemsha, mpaka likabaki dude linalong'aa gizani. Dhahabu haikuwa; ilikuwa fosforasi, na leo anatajwa kwa heshima kwenye vitabu vya kemia. Mimi sina ugomvi na sayansi. Swali langu ni la nyumbani. Hayo mapipa yalikaa wapi? Alimwambiaje mkewe? Kwangu ingekuwa hivi:

"Na hilo pipa?"

"Huo ni utajiri, mke wangu. Usiufunue."

"Nimeshaufunua."

Nikisikia ukimya baada ya hapo, najua nalala nje na utajiri wangu.

Halafu mnisikilize kwenye hili la msaidizi, maana hapa ndipo ningeangamiza mji. Karne ya pili mwandishi mmoja, Lucian wa Samosata, alisimulia habari za kijana aliyekaa na mganga mkubwa huko Misri. Mganga alikuwa akichukua mchi wa kutwangia, anauvisha nguo, anausemea neno, mchi unasimama, unateka maji, unapika, unahudumia. Kijana akalitega sikio, akalidaka lile neno la kuamsha. Siku mganga ametoka, akauambia mchi ulete maji. Ukaleta. Ukaendelea kuleta. Neno la kusimamisha hakulisikia! Akachukua shoka akaupasua, na vipande vyote viwili vikasimama, kila kimoja na mtungi wake.

Nilipoisoma hiyo nilisema huyu kijana ni ndugu yangu wa damu. Maana mimi ni bingwa wa neno la kuanzisha. Mashine yoyote naiwasha. Kuizima ndiyo tunaitana. Na yeye alikuwa na bahati, alikuwa anateka maji ya bure. Nifikirie mimi, mchi umesimama kwenye bomba langu na ndoo, mita inazunguka mpaka inapiga mluzi. Naukata mara mbili, inakuwa miwili. Naikata, inakuwa minne. Huwa sikati tamaa nikishashika shoka, hiyo ndiyo hatari yangu. Kufika jioni nina kikosi kizima cha michi, vifupi kama njiti za kiberiti, vimepanga mstari vinateka maji kwa vifuniko vya soda, na mama watoto amesimama juu ya kabati na watoto wote. Ananiuliza jambo moja tu: "Ulimsikiliza mganga mpaka mwisho?"

Sasa mpaka hapo nimezungumzia uchawi wenyewe. Ofisi sijazigusa. Msidhani kule hakuna ofisi. Penye fimbo za uchawi pana leseni ya fimbo, na penye leseni pana dirisha moja lililo wazi kati ya madirisha kumi. Na fimbo, tukubaliane, ni kijiti. Nyumbani kwenye watoto kijiti hakina maisha marefu: leo ni upanga, kesho kimeegesha dirisha, keshokutwa hakijulikani kilipo. Kwa hiyo niko kwenye foleni, mbele yangu kuna mzee mwenye ndevu mpaka magotini, na inasemekana alipofika asubuhi hakuwa nazo.

"Nimepotelewa na fimbo," namwambia karani.

"Pole sana, mzee. Jaza fomu hii."

"Nipatie kalamu."

"Fomu ya kupotelewa na fimbo inajazwa kwa fimbo."

Naazima fimbo ya yule mzee wa ndevu, najaza. Karani anaiangalia fomu, anaangalia tufe lake la kioo, analigonga pembeni kwa kiganja.

"Tufe halishiki leo. Njoo kesho."

"Dada yangu, hilo tufe si ndilo linaloonyesha kesho?"

"Ndilo."

"Basi si mnajua kama kesho litashika?"

"Tunajua."

"Litashika?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini nije?"

"Kwa sababu tumeona umekuja."

Utambishia nini mtu wa namna hiyo?

Huwa wanakuja watu hapa wananiambia, sawa, mambo madogo yatakushinda, lakini vita kubwa ikitokea, ya nuru na giza, hapo utaonyesha moyo wako. Hapo ndipo ningekuwa kwenye lile kundi kubwa kuliko yote, la wanaosikilizia. Bwana wa Giza angenitumia barua ya kujiunga naye, ningeiweka juu ya friji niisome nikitulia. Upande wa nuru nao wangetuma bundi, bundi angetua kwa jirani. Vita inaisha, mimi naulizia kama shule zinafunguliwa Jumatatu. Kwenye picha ya ushindi nimo, mstari wa nyuma, kofia ya mtu imenifunika uso wote imebakiza sikio.

Lililobaki ni jini la chupani, na hili ndilo wengi wananiambia lingenitoa. Haya. Nimeokota chupa, nimeifuta, moshi umetoka, jini hilo hapo sebuleni, kichwa kimegusa dari, limekunja mikono. Limekaa humo miaka elfu, halina subira.

"Matakwa matatu. Sema."

Mimi nimetoka kuteka na ile michi, mgongo unauma, na mgeni ni mgeni. "Karibu ukae kwanza."

Likakaa. "Moja."

"Ala! Hiyo nayo umehesabu? Hiyo ni adabu tu. Ngoja nimwite mama watoto tushauriane."

Mama watoto huyo, katokea katikati ya sebule na povu la sabuni kichwani, taulo mkononi, ananiangalia.

"Mbili."

Hapo nikachanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa nalalamika. Nikashusha pumzi nikasema kama ninavyosema kila siku, "Aaah, si bora ungekuja jana, leo nimechoka."

Likatimiza. Likawa limekuja jana. Na jana mimi nilikuwa kwenye foleni ya leseni, nimebaki na kikaratasi kimechomekwa mlangoni: "Nimefika, hukuwepo."